Maji yanaishia wapi kabla ya kufika Tabata?

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu wa Tabata, Dar es Salaam. Nimelifupisha:

"Mhandisi, naishi Tabata tangu miaka ya tisini. Nimeshuhudia City Water ikija na kuondoka, nikasikia mabilioni ya Ruvu, mabilioni ya DMDP, na sasa mabilioni ya bonde la Msimbazi. Barabara yetu imepata lami na mitaro, hilo sikatai. Lakini bomba langu linatoa maji usiku wa manane mara mbili kwa wiki, bomba la majitaka halijawahi kupita mtaani kwetu, na mvua kubwa ikinyesha uchafu wa vyoo vya watu unapita mlangoni kwangu. Fedha hizi zinafanya kazi gani? Na je, wa mtaani tuchangishane tuchimbe kisima, au tuendelee kungoja?"

Mwalimu, shikamoo. Maofisini maswali yako hugawanywa: mtu wa maji anajibu la bomba, mtu wa barabara anajibu la mtaro, na la choo linabaki halina mwenyewe. Mimi nitayajibu kwa pamoja, maana mtaani kwako ni shida moja. Kwa kifupi, sehemu kubwa ya fedha hizo ilifanya kazi, tena kazi ya kuonekana. Ila ilifanyika mtoni, mtamboni na kwenye bomba kuu, na shida yako iko kwenye kilomita mbili tatu za mwisho, ambazo kwa miaka mingi zilipewa makombo. Kuhusu kisima, kwa maji ya kunywa nakushauri msichimbe. Sababu utaiona nikifika huko.

Tuanze mtoni. Jiji hili kwa sehemu kubwa linakunywa mto mmoja, Ruvu, unaoteremka kutoka milima ya Uluguru. Una mitambo miwili: Ruvu Juu pale Mlandizi, iliyoanza 1959, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, iliyoanza 1976. Mtambo wa Mtoni unaotumia mto Kizinga ni wa zamani zaidi, lakini uwezo wake ni kama lita milioni 9 tu kwa siku. Baada ya 1976 ilipita zaidi ya miongo mitatu bila kuongezwa chanzo kikubwa, na watu hawakuacha kuja. Sensa ya 2002 ilikuta wakazi milioni 2.49, ya 2012 milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38.

Katikati hapo ndipo likaja jaribio la mwekezaji. Agosti 2003 City Water, kampuni ya ubia wa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nchini, ilikabidhiwa kuendesha huduma na kukusanya ankara, huku mali ikibaki ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Katikati ya 2005 serikali ikauvunja mkataba, na DAWASCO, shirika la umma, ikashika kazi. Kesi ilikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na hukumu ya 2008 ikasema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji lakini haidaiwi fidia hata senti. Nalitaja kwa sababu wengi wanaamini mwekezaji ndiye aliyeharibu, au kwamba angeachwa angetengeneza. Kwa maoni yangu suala la nani anaendesha lilikula muda wetu mwingi mno, wakati mabomba ya mitaani yalikuwa yaleyale mikononi mwa kila aliyekuja. DAWASA na DAWASCO ziliunganishwa tena 2018, na hilo lilikuwa jema, kwa sababu sasa anayejenga ndiye anayeendesha.

Fedha kubwa za mitambo zilianza kumiminika baada ya Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji kuanza mwaka wa fedha 2006/2007. Marekani, kupitia mkataba wa Changamoto za Milenia uliosainiwa Februari 2008, iligharimia upanuzi wa mtambo wa Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270. Mkopo wa India ukapanua Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi 196. Jumla ni lita milioni 466 kwa siku. Zigawe kwa watu wa sensa ya 2022 unapata kama lita 86 kwa kila mtu. Zipo hesabu za viwanda, mahoteli, Kibaha na Bagamoyo za kutoa humo, lakini hata ukizitoa, hicho si kiasi cha kumfanya mtu wa Tabata aamke saa nane za usiku kukinga ndoo.

Angalia jambo moja la Ruvu Chini, kwa sababu ndilo linalojirudia hadi leo. Mtambo uliopanuliwa ulikamilika kabla ya bomba jipya la kusafirisha maji hadi matangi ya Chuo Kikuu. Bomba hilo lilikuwa jukumu la serikali yetu, lenye kipenyo cha mita 1.8 na urefu wa kilomita zaidi ya 50. Kwa kipindi fulani kulikuwa na mtambo wenye nguvu mpya unaolazimika kusukuma maji kwenye njia ileile ya zamani. Bomba kuu lilipokamilika, shida ikahamia kwenye mabomba ya kusambaza: Goba, Makongo, Madale, Bunju na Wazo walikuwa wanapitiwa na maji yaliyokwisha kusafishwa huku wao wakinunua kwenye maboza. Ikabidi uje mradi mwingine, wa mkopo wa Benki ya Dunia, kulaza zaidi ya kilomita 1,000 za mabomba ya kusambaza kutoka Makongo hadi Bagamoyo, pamoja na matangi. Nauona kuwa mradi bora kuliko mingi iliyoutangulia, kwa sababu ulianza na nyumba ya mtu ukarudi nyuma kwenye tangi.

Sasa Tabata. Nyinyi mnalishwa na Ruvu Juu: maji yanatoka Mlandizi kwa bomba kuu hadi matangi ya Kimara, halafu yanashuka Ubungo, Tabata, Segerea, Kinyerezi na kuelekea uwanja wa ndege. Mabomba ya mtaani yalilazwa Tabata ikiwa na nyumba chache zenye ua na miembe. Leo kila kiwanja kimejengwa, vingine ghorofa, na bomba ni lile la enzi hizo. Mchana walio karibu na bomba kuu na walio mabondeni wanachota, msukumo unaisha kabla ya kufika kwenu. Usiku wa manane matangi yao yakishajaa, maji ndipo yanapata nguvu ya kupanda. Na siku ya mgao, fundi wa zamu anafungua vali ya ukanda wenu kwa saa kadhaa kisha anaifunga kwenda kufungua ya wengine. Hizo ndizo siku zako mbili za wiki.

Lakini sehemu ya maji haimfikii mtu yeyote mwenye ankara. Wakati wa City Water na miaka mingi ya DAWASCO, zaidi ya nusu ya maji yaliyozalishwa yalipotea njiani kwa uvujaji, wizi na dira (mita) mbovu. Hali imeboreka tangu hapo, ila bado tuko mbali na asilimia 20 ambayo EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huitumia kuzipima mamlaka za maji. Fanya hesabu ya kawaida kabisa: upotevu ukiwa theluthi moja tu, kati ya lita milioni 466 zinapotea milioni 155 kila siku. Hiyo ni zaidi ya robo tatu ya uwezo wa Ruvu Juu nzima. Maji hayo yameshavutwa mtoni, yameshatiwa dawa, umeme wake umeshalipwa.

Ukitaka kujua yanapotelea wapi, simama siku mafundi wanapochimba pembeni ya barabara ya mtaa wowote wa zamani. Utakuta bomba la inchi tatu au nne, na kwenye futi chache tu za bomba hilo vipande kumi au zaidi vya bomba la nusu inchi vimeunganishwa, kila kimoja kinakwenda nyumba yake. Vipo vyenye kibano kizuri cha chuma. Vingine vimetobolewa kwa msumari wa moto na kufungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kutoka hapo vinasambaa kama tambi, vinavuka mtaro, vinapita chini ya lami, vinakatiza kiwanja cha mtu, mita mia au mia mbili hadi kwenye dira. Uvujaji wowote kabla ya dira hauonekani kwenye ankara ya mtu, kwa hiyo hauna anayeulalamikia. Ardhi ya mchanga ya Dar inayanywa maji hayo kimyakimya, hayatokezi juu hata miaka.

Huwa nauleta mfano wa Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, kwa kuwa ulianza vibaya kuliko sisi. Mwaka 1993, baada ya vita, asilimia 72 ya maji yake yalikuwa yanapotea. Mkurugenzi aliyeteuliwa, Ek Sonn Chan, aling'oa mabomba mabovu, akampa kila mteja dira, akaunda vikosi vya kusaka uvujaji usiku na mchana, na hakuwasamehe ankara wakubwa wala wanajeshi. Mwisho wa miaka ya 2000 upotevu ulikuwa umeshuka hadi kama asilimia 6, na maji yanatoka saa 24. Wafadhili walisaidia, mtambo nao ulipanuliwa, ila kazi ya mitaani ilipewa heshima sawa na ya mtambo. Kwetu hapa nadhani hilo ndilo pengo. Kazi ya kubadilisha kilomita nne za bomba Tabata haileti mgeni rasmi, haina jiwe la msingi, na inawakasirisha wote waliokuwa wanachota bure.

Usinielewe kwamba vyanzo havina maana. Mwaka 2022 mvua zilikosekana, na kufikia Oktoba uzalishaji ulikuwa umeporomoka kutoka lita milioni 466 hadi karibu 300 kwa siku. Mgao mkali ukatangazwa jiji zima. Ndipo visima virefu vya Kigamboni vikaharakishwa kuingizwa kwenye mtandao, na Novemba mwaka huohuo ukasainiwa mkataba wa bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, la kuhifadhi lita bilioni 190. Wazo la bwawa hilo ni la miongo mingi. Mto usio na bwawa unakupa maji ya masika na kukuacha kiangazi, na Ruvu unazidi kuyumba kwa vile misitu ya milimani inakatwa na mifugo na mashamba vinajaa kingoni. Kidunda ni lazima. Ila bwawa likijaa na bomba la Tabata likabaki lilelile, utakachopata ni uhakika wa zile siku mbili za wiki.

Na mgao una ubaya wake mbali na kero ya kukesha. Bomba lililojaa maji yenye msukumo linavuja kwenda nje. Bomba tupu linavuta kwenda ndani. Vali ikifungwa, ule mpira wa tyubu uliokuwa unatoa maji sasa unaingiza chochote kilichopo kwenye udongo: tope la mtaro, au jasho la karo (shimo la majitaka) ya jirani iliyo mita mbili kutoka hapo. Walio na pampu zilizofungwa moja kwa moja kwenye bomba, ambazo zimekatazwa na bado zipo kila mtaa, wanaongeza uvutaji huo. Ndiyo maana maji ya dakika za mwanzo yanakuja ya rangi, na ndiyo maana maji yaliyopimwa yakawa salama Mlandizi hayana uhakika huo yakifika kwenye ndoo yako. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa hadi kuwa na wagonjwa zaidi ya 20,000 nchi nzima, na kilishika zaidi mitaa ya maji ya kubahatisha na vyoo vya kufurika.

Hapo tumeshaingia kwenye swali lako la pili. Mtandao wa majitaka wa jiji hili kwa miaka mingi umehudumia takriban mkazi mmoja kati ya kumi. Ni katikati ya mji na Kariakoo, ambako mabomba ya zamani yanamwaga baharini karibu na Ocean Road, na baadhi ya maeneo yenye mabwawa ya kutibu majitaka: Vingunguti, Mabibo, Kurasini, Mikocheni, Lugalo, Chuo Kikuu na mengine machache. Tisa waliobaki wana shimo au karo. Mabwawa ya Vingunguti yako ng'ambo ya bonde, si mbali na kwako, na magari mengi yanayonyonya karo za upande wenu yanamwaga huko. Programu za maji ziliingia kwa nguvu, za majitaka zikaja kwa kuchechemea, na jiji likijazwa maji bila kupewa njia ya kuyatoa yakishachafuka, karo zinajaa haraka kuliko zamani. Kila lita mia unazoingiza ndani, kama themanini zinatoka zikiwa chafu. Nyumba ya ndoo haikuwa na majitaka mengi; nyumba ya bomba, sinki na choo cha kuvuta inayo.

Miradi ya majitaka sasa ipo. Mkubwa ulio wazi ni wa Mbezi Beach, wenye zaidi ya kilomita 100 za mabomba na mtambo wake wa kutibu, kwa fedha za Benki ya Dunia. Sitakudanganya kwamba Tabata itachimbwa bomba la majitaka la namna hiyo karibuni, na hata sidhani kwamba ndicho cha kwanza mnachohitaji. Bomba kubwa la majitaka linahitaji maji mengi kila siku ili lijisafishe. Mtaa wa mgao wa siku mbili utaliziba ndani ya mwaka. Kwa viwanja vilivyobanana, mabomba madogo yasiyochimbiwa sana, yanayopita uani kwa makubaliano ya wenye nyumba, ni rahisi na yanafanya kazi. Vingunguti imejaribiwa njia hiyo, nyumba zikaunganishwa kupeleka kwenye mabwawa, na sioni sababu upande wa Tabata ulio karibu na bonde usifuate.

Kinachopita mlangoni kwako mvua ikinyesha kina jina linalofahamika: watu wanatapisha vyoo. Gari la majitaka ni gharama, na kwenye vichochoro vingi halipiti. Mwenye nyumba anangoja mvua kubwa, anaondoa kizuizi alichoweka ubavuni mwa shimo, mafuriko yanabeba. Ni kosa kisheria na bwana afya anaweza kumtoza faini, lakini faini peke yake haijawahi kumaliza tabia hii popote ninapopajua. Panapopungua ni pale penye huduma ya kunyonya inayofika na inayolipika: pampu ndogo zinazobebwa na pikipiki za miguu mitatu zinazoingia kichochoroni, na kituo cha kumwagia kilicho karibu ili safari isiwe ndefu. Mkikubaliana nyumba ishirini za mtaa mmoja kunyonya wiki moja, mwezi wa pili kabla masika hayajaanza, mna nguvu ya kujadili bei ambayo mtu mmojammoja hana.

Halafu mitaro yenyewe. DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, ulipitishwa na Benki ya Dunia 2015, dola milioni 300, kwa ajili ya manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Ulileta barabara za mitaa, taa, masoko na mifereji mikubwa ya mvua. Mto Ng'ombe unaokatiza Sinza na Tandale, kwa mfano, ulijengewa kingo za zege kwa kilomita zaidi ya nane. Wanaosema fedha hizo ziliyeyuka hawajapita Tandale hivi karibuni. Lakini mtaro unahamisha maji tu, hauyamalizi. Lami na paa za bati zinayakimbiza maji ya mvua ambayo zamani yalinywewa na mchanga, mitaro inayafikisha bondeni kwa dakika badala ya saa, na bonde la kupokea karibu yote ni moja, Msimbazi. Mto huo unashuka kutoka vilima vya Pugu na kubeba mchanga mwingi, kitanda chake pale Jangwani kimepanda, na ndiyo maana greda zinachimba chini ya daraja kila mwaka. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na waliokuwa bondeni wakapelekwa Mabwepande. Hata baada ya hapo karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, ikazama mara kwa mara. Mradi wa bonde la Msimbazi uliopitishwa 2022, dola milioni 260 za Benki ya Dunia, Uholanzi na Hispania, una mambo ninayoyaunga mkono: kuchimba na kupanua njia ya mto, daraja jipya refu la Jangwani, kuliacha bonde liwe bustani badala ya makazi. Waliohamishwa walistahili kusikilizwa zaidi kuhusu fidia, na hilo nalisema kwa uzito. Kwa upande wenu wa Tabata, faida mtaiona kama tu mifereji midogo inayoteremka bondeni itasafishwa.

Na nani anaisafisha? Tangu Julai 2017 barabara za mitaa na mitaro yake ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu ni za TANROADS. Taka ngumu ni za halmashauri. Majisafi na majitaka ni ya DAWASA. Chupa za plastiki na viroba vilivyoziba mtaro wako ni mali ya halmashauri vikiwa kwenye pipa, na vikishaingia mtaroni ni vya TARURA. Kinyesi kilichotapishwa humo ni cha bwana afya, na bomba la maji lililokatwa na mkandarasi wa mtaro ni la DAWASA. Nimehudhuria vikao ambamo kila ofisi ilikuwa na hoja sahihi kuhusu mipaka yake, na mtaro ukabaki umeziba. Mradi unapofungwa, mfadhili anaondoka na bajeti yake. Matengenezo yanabaki kwa taasisi ambayo fungu lake halikuongezwa siku ilipokabidhiwa mali mpya. Kama kuna swali moja la kumwuliza diwani kuhusu mradi wowote mpya, mwulize ni kiasi gani kimetengwa kuutunza mwaka wa pili, na kiko kwenye kitabu cha nani.

Kisima sasa. Kisima kifupi Tabata kinachota maji yaleyale ambayo karo zenu zinayalisha. Yanaweza kuwa maangavu kama kioo na yakawa na vimelea na kemikali ya naitreti, ambayo ni hatari kwa watoto wachanga na kuchemsha hakuiondoi. Kisima kirefu kina nafuu, lakini ni ghali, kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, maji yake sehemu nyingi za jiji yana chumvi, na umeme wa pampu ni mzigo wa kila mwezi. Kwa kufulia, kusafishia choo na kumwagilia, sawa. Kwa kunywa, hapana, mpaka maabara iseme.

Fedha hizohizo mlizotaka kuchangishana zina kazi bora. Kwa nini? Linganisha bei. Uniti moja ya maji ya DAWASA, yaani lita 1,000, ni chini ya shilingi 2,000 kwa mteja wa nyumbani, na ndani yake kuna madumu 50 ya lita 20. Hiyo ni chini ya shilingi 40 kwa dumu. Dumu la shilingi 100 kwa jirani ni shilingi 5,000 kwa uniti, na kwa mwenye mkokoteni siku ya shida inaweza kufika mara tatu ya hapo. Kwa hiyo kila saa ya ziada ya maji ya bomba ni pesa inayorudi mfukoni mwenu. Nendeni ofisi ya DAWASA inayohudumia Tabata, si mmojammoja bali kwa barua ya serikali ya mtaa, mkaombe mambo mawili yaliyoandikwa. Kwanza, ratiba ya vali ya ukanda wenu, siku na saa. Pili, makadirio ya kuondoa zile nusu inchi na kulaza bomba moja la inchi mbili au tatu ndani ya mtaa, dira zote zikae mlangoni kwa kila mtu. Mkiwa tayari kuchimba mtaro wenyewe, gharama inashuka sana, na mamlaka nayo inapata kuziba uvujaji wake. Ni ombi ambalo meneja ana sababu ya kulikubali.

Kabla ya kwenda, fanyeni jaribio la dira. Siku ya maji, matangi yakishajaa, kila mmoja afunge mabomba yote ya ndani, aandike namba za dira usiku na kuzisoma tena alfajiri kabla ya kufungua. Namba ikisogea, kuna mvujo ndani ya ua wako na unaulipia. Tena tazama dira dakika za kwanza maji yanaporudi: ikizunguka kwa kasi huku bomba linatoa upepo tu, piga picha ya video. Malalamiko kwamba dira inahesabu hewa yana ukweli kwenye maeneo ya mgao, na ushahidi wa namna hiyo unabishaniwa kwa shida. Msipojibiwa kwa muda unaofaa, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC) linapokea malalamiko bila malipo.

Kwa ndoo zako za usiku: acha maji ya mwanzo yamwagike kwenye ndoo ya kufulia mpaka yawe meupe, ndipo ujaze ya kunywa. Tangi la chini ya ardhi lipandishe mdomo wake juu kuliko maji ya mafuriko yalipowahi kufika, lifunikwe, na likae mbali na karo kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Ya kunywa yachemshe au yatie dawa ya klorini kila mara, hata ukiambiwa yamepimwa mtamboni.